Mashine Ikigoma: Kutafuta Ubovu wa Grainda, Drili na Randa ya Umeme Hapa Lamu

Mashine nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Langoni hazijafa. Mwenyewe huniambia imeungua, ameshauliza bei ya mpya Mombasa, kumbe ni waya uliokatika ndani ya mpira wake, au ni chumvi iliyokaa kwenye swichi. Nasema mashine, sisemi chombo, kwa sababu kwetu chombo ni jahazi, na wateja wangu wengi ni watu wa majahazi: mafundi wa Matondoni wanaotoboa mbao ngumu siku nzima kwa drili, kazi ambayo wazee wao waliifanya kwa kekee ya uta. Waliobaki ni maseremala wa milango na vitanda mjini.

Adui wao ni mmoja, hewa ya bahari. Wakati wa kusi upepo huleta chumvi mpaka ndani ya karakana. Kaskazi ikiingia, vumbi la mbao hukauka likawa laini kama unga. Chumvi huvuta unyevu, unyevu hushika vumbi, na tope hilo hupitisha umeme pasipotakiwa. Ndiyo maana natafuta ubovu kutoka nje kuja ndani: soketi, plagi, waya, swichi, kaboni, na mwisho kabisa amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Kabla bisibisi haijagusa skrubu, plagi iwe imechomolewa na imelala mezani mbele ya macho yako. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Mtu anaweza kupita akaiwasha bila kujua, na vidole vyako vimo ndani.

Haiwaki kabisa, wala hailii

Chomeka kitu kingine kwenye soketi ile ile, taa au chaja ya simu. Kikiwaka, soketi haina kosa. Fungua plagi. Hizi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani: ya ampia 3 yatosha mashine ya hadi wati 700 hivi, na zaidi ya hapo ni ya ampia 13. Fyuzi ikikatika mara moja, badilisha. Ikikatika tena, kuna shoti mahali, itafute. Nimewahi kufungua plagi nikakuta kipande cha msumari mahali pa fyuzi, na nyingine imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kinga iliyowekwa ikatike kabla waya haujashika moto imeondolewa, na nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta. Tazama pia ncha za nyaya: rangi ya kijani juu ya shaba ni kutu ya chumvi. Kata sehemu iliyooza, menya upya, kaza skrubu.

Baada ya plagi ni waya wenyewe, na hapa ndipo ninapokuta ubovu mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Waya hukatika pale unapoingia kwenye mkono wa mashine, kwa sababu hukunjwa pale kila siku, na wengine huinua grainda kwa kuushika waya. Mpira wa nje hubaki mzima, nyuzi za ndani zimekatika. Kuna kijana anajifunza kwangu, na siku moja aliniletea drili akiwa na hakika yake.

"Ami, hii imeungua. Nimeinusa."

"Waya umeupima?"

"Bado."

"Upime kwanza."

Kupima ni hivi. Plagi ikiwa nje ya soketi, weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye omu, gusa pini mbili za umeme, kisha bonyeza swichi ya mashine na uishikilie. Mota nzima itaonyesha omu chache, pengine kumi na kitu kwa mashine ndogo. Isipoonyesha kitu, endelea kubonyeza huku ukiukunja waya taratibu karibu na mkono. Namba ikitokea na kupotea, umeshapapata. Ile drili ilifanya hivyo hivyo. Tulikata sentimita 15 za waya, tukaunga upya ndani ya mashine, na harufu aliyoinusa ilikuwa ya grisi kuukuu. Angalizo moja: mashine zenye saketi ya kuanza polepole huweza kunyamaza kwenye multimita hata zikiwa nzima, kwa hiyo hizo nazipima kwa kufungua na kugusa kabla na baada ya saketi. Wala usijaribu kutafuta mkatiko kwa kukunja waya huku mashine imechomekwa. Naona watu wanafanya, na siku nyuzi zitakapotokeza kwenye ufa wa mpira, mkono utakuwa juu yake.

Waya ukiwa mzima, pima swichi peke yake. Swichi inayobonyezeka kwa uzito, au inayokwama, imejaa vumbi na chumvi. Pengine huamka kwa kupulizwa na kusafishwa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, lakini kwa grainda sishauri kuirudisha. Swichi ya grainda iliyokwama ikiwa imewashwa ni hatari kubwa. Weka mpya ya ampia zile zile.

Zimebaki kaboni. Ni vile vijiti viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi dhidi ya shaba inayozunguka. Zikiisha hazigusi, na mashine hukaa kimya kama iliyokufa.

Inatoa cheche

Cheche ndogo za buluu zinazoonekana kwenye matundu ya hewa, hasa ukiwa gizani, ni za kawaida kwa mota ya kaboni. Zisikutie hofu. Cheche ndefu za rangi ya machungwa zinazozunguka kama pete ni jambo jingine. Mashine inakuonya, na ukiendelea kufanya kazi unapoteza amecha ambayo ingeokoka.

Anza na kaboni. Zitoe zote mbili, uzilaze kando kwa kando. Iliyobaki chini ya milimita 5 au 6 imekwisha, na nyingine zina mstari wa kuonyesha kikomo. Badilisha mbili pamoja hata kama moja yaonekana ndefu. Nunua za kipimo kile kile cha upana na unene. Kaboni kubwa iliyopigwa msasa ikaingia kwa kubana hukwama kwenye nyumba yake, springi ikashindwa kuisukuma, na cheche zikarudi wiki hiyo hiyo. Springi yenyewe itazame: ikiwa imegeuka rangi kwa moto imepoteza nguvu, nayo ibadilishwe. Ukishaweka mpya, iache mashine izunguke bila kazi dakika chache, kaboni zipate kukaa sawasawa juu ya duara la shaba.

Kaboni zikiwa nzuri na cheche bado zipo, tazama komuteta, yaani ile shaba yenye vipande vipande. Ikiwa na weusi wa kawaida, isafishe kwa msasa laini sana wa karatasi. Usitumie msasa wa kitambaa cheusi unaosugulia chuma, kwani chembe zake huingia katikati ya vipande vya shaba na kufanya shoti. Kwenye mifereji baina ya vipande, pitisha ncha ya mti mwembamba utoe vumbi la kaboni. Kisha pima kipande kimoja na jirani yake, kimoja na jirani yake, mpaka umalize mzunguko. Namba zote ziwe karibu sawa. Kipande kimoja kikitofautiana sana na wenziwe, koili yake imekatika au imeshikana. Gusa tena kipande na shafti: pasiwe na namba yoyote. Ikiwepo, amecha imekwisha.

Hapo ndipo hesabu inapokuja. Amecha ya randa ya umeme ya bei nzuri yafaa kununuliwa. Ya grainda ya bei ya chini hukaribia bei ya grainda nyingine, na namwambia mteja hivyo bila kumzungusha.

Inapata moto, inanuka, nguvu imepungua

Kwanza gusa matundu ya hewa. Feni ya ndani huvuta hewa ipoze koili, na matundu yakijaa vumbi la mbambakofi, ule mti mgumu, mota hujipika. Puliza kila jioni, kwa pampu ya baiskeli kama huna kompresa, na uvae miwani unapofanya hivyo. Pili, meno. Msumeno butu au kekee butu, yaani ncha ya kutobolea, humfanya fundi asukume, na kusukuma ndiko kunakochoma koili. Mbao ikitoka na ukingo mweusi ulioungua, meno yameisha. Mbambakofi haumsamehei mwenye meno butu, na boriti ya mkoko ni vivyo hivyo.

Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi ni ekstensheni, nayo watu hawaishuku. Seremala ana soketi moja ndani ya nyumba, kazi yake iko barazani au ufukweni, anavuta waya mita 50. Umeme wetu ni volti 240. Mashine ya wati 2,000 huvuta ampia 8 na kidogo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 ukiwa mita 50 utakula kama volti 10 kwa mzigo huo, na mashine itavumilia. Ule mwembamba wa 0.75, unaouzwa kwa ajili ya taa na redio, utakula kama volti 20. Jioni, taa zinapofifia mtaani, mashine inabaki na volti mia mbili na kidogo. Mota inapungua kasi, feni inapungua nayo, na fundi akihisi udhaifu anasukuma zaidi. Moto unapanda kutoka pande tatu kwa pamoja. Baadaye ataniambia grainda ilikuwa feki.

Kwa mashine kubwa tumia ekstensheni ya milimita mraba 1.5 au nene zaidi, na iwe fupi kadiri inavyowezekana. Yenye gurudumu ikunjue yote hata kama unahitaji mita 10 tu. Waya uliobaki umezungushwa hauna pa kutoa joto, na nimeona mpira ulioyeyuka ukashikamana. Tena hapa kwetu ekstensheni hupita kwenye kichochoro, na punda wenye shehena ya mawe au mchanga hupita juu yake. Ininginize juu, au mweke mtu.

Jenereta ina mambo yake. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibao, kwa hiyo jenereta ya wati 1,000 haitaweza msumeno wa wati 1,400, na kulazimisha kutaharibu vyote viwili. Na kwa wenye nyumba za mawe: usiwashe jenereta kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, hata kama juu kuna uwazi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa wamelala vyumbani. Iweke nje, upande ambao upepo unaondoka.

Inatetemeka au inapiga kelele

Chomoa plagi, zungusha shafti kwa mkono. Ukihisi mchanga ndani, au shafti inacheza kushoto na kulia, ni beringi. Ikizunguka laini lakini ikipiga "tak" kila mzunguko, ni jino la gia. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake, nunua ile ile. Gia zataka grisi ya gia na kiasi cha kufunika meno tu. Ukijaza kisanduku chote, grisi hupata moto, hupenya mpaka kwenye mota, ikakutana na vumbi la kaboni. Mafuta ya kupikia usiyakaribishe, huganda yakawa gundi.

Grainda ikitetemeka, zima papo hapo na utazame diski. Hapa naomba tusimame kidogo. Diski ya kukatia ya milimita 115 huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika. Ya milimita 230 kikomo chake ni 6,650 hivi. Grainda ndogo huzunguka 11,000. Mtu anayeondoa kinga ya grainda ndogo apate nafasi ya kuweka diski kubwa iliyobaki kwenye grainda ya mwenzake, ameizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake. Ikipasuka, vipande vyake hutoka kwa kasi ambayo jicho halioni. Vile vile diski ya meno ya msumeno wa mbao isifungwe kwenye grainda. Naijua karakana ambayo kijana alifanya hivyo akapoteza vidole viwili, na alikuwa fundi mzuri wa kuchonga.

Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Wengi hudhani ni namba ya kiwanda. Gundi inayoshika diski huzeeka, na unyevu wa hapa huizeesha mapema, kwa hiyo zihifadhi pakavu, zimelala. Iliyolowa, iliyoanguka au yenye ufa, ivunje uitupe, ili mtu mwingine asije kuiokota. Diski mpya iache izunguke kama nusu dakika ikielekea pasipo na mtu kabla ya kugusa kazi.

Inakupiga shoti

Hata mwasho mdogo kwenye kiganja ni sababu ya kuacha kazi. Tazama kibao cha mashine. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, imekingwa mara mbili na haina haja ya waya wa athi. Isipokuwa na alama hiyo na mwili wake ni wa chuma, waya wa athi lazima ufike mpaka ardhini, na yeyote aliyekata pini ya juu ili plagi iingie mahali amekuondolea uhai wako wa akiba. Nyaya mbili zilizosokomezwa kwenye soketi kwa njiti ya kiberiti ziko katika fungu hilo hilo.

Ubovu mara nyingi ni chumvi na vumbi la kaboni vilivyotengeneza njia kutoka koili hadi chuma. Fungua, puliza, safisha kwa brashi kavu, anika pakavu. Kisha pima kati ya pini za plagi na chuma cha nje, swichi ikiwa imebonyezwa. Multimita ya kawaida isionyeshe kitu. Lakini multimita hupima kwa volti ndogo za betri, na njia iliyojificha huweza kufunguka kwa volti 240 tu. Fundi wa umeme mwenye mega ya volti 500, kipimo cha kujaribu kinga ya nyaya, ndiye wa kutoa neno la mwisho. Chini ya megaomu 2, mashine yenye mraba mbili isirudi kazini.

Kwa wanaofanya kazi ubavuni mwa jahazi, miguu ikiwa kwenye mchanga wa maji kupwa, mwili wako ndio athi bora kuliko zote. Weka breka ya kuzuia shoti, ile inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila unapoanza kazi. Vaa viatu vya mpira. Ukiweza, kwa kazi ya pale chini tumia drili ya betri.

Msumeno unarudi, drili inakuzungusha mkono

Mbao ikibana meno, msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika. Hutokea mbao inapoegemezwa ncha zote mbili na kukatwa katikati, au inapokuwa mbichi. Egemeza karibu na mstari wa kukata, kipande kianguke chenyewe, na usisimame nyuma ya msumeno bali ubavuni. Mbao zilizotolewa kwenye jahazi kuukuu zikague kwa sumaku kwanza, maana msumari uliozama haujionyeshi. Drili nayo ikinasa, itakuzungusha mkono, kwa hiyo funga mkono wake wa pili.

Na kikoi. Najua joto la mchana. Lakini ncha ya kikoi au mkono wa kanzu ukinaswa na kekee inayozunguka, hutawahi kuachia swichi. Vaa suruali, na glavu za kitambaa ziweke kando unapotoboa.

Betri haikai na chaji

Kama imekaa juani ndani ya mashua au juu ya sakafu ya saruji mchana kutwa, ndilo jibu. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya digrii 40, na chaja nzuri hukataa. Iache ipoe kivulini kwanza. Usipoitumia kwa wiki kadhaa, iweke na nusu ya chaji. Iliyovimba au iliyopasuka usiichaji tena, na isilale ndani ya nyumba.

Imeanguka majini

Hili lilinipata mwenyewe, drili yangu ilipoteleza kwenye gati la Mokowe ikaenda chini ya mashua. Kijana mmoja alipiga mbizi akaileta juu, akataka kuichomeka hapo hapo tuone kama ni nzima. Nilimshika mkono. Maji ya bahari yakikauka ndani ya mota huacha chumvi, na chumvi hula shaba usiku na mchana, kwa hiyo ukikausha kabla ya kusuuza umeiua. Nilirudi nayo nyumbani ikiwa ndani ya ndoo ya maji matamu, nikaifungua, nikatoa kaboni na swichi, nikaisuuza mara tatu kwa maji ya mvua kutoka jabiani kwa sababu kisima chetu kina chumvi kidogo. Beringi nilizitupa, nikaosha grisi yote. Amecha na fildi, yaani koili zisizozunguka, vilikaa siku sita darini, penye upepo na kivuli, navigeuza asubuhi na jioni.

Siku ya saba nilipima: shafti na shaba, hakuna namba. Mega ilipita. Nikaweka beringi mpya, grisi mpya, swichi mpya na kaboni mpya, nikaichomeka kupitia breka ya miliampia 30, nikasimama pembeni. Ilizunguka. Ndani ya matundu niliona cheche ndogo za buluu.